Muulize Mwalimu: Nafasi tupu chini ya mwembe

Barua tatu za mwezi huu nimezisoma mara nyingi kuliko nyingine, maana zinahusu kazi iliyonichukua nusu ya umri wangu: kutundika picha mahali pa wazi ili watu wazungumze yale wanayoogopa kuyataja. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu. Wenzangu wengine watavumilia, huyu kijana ana maonyesho ya kuandaa na siku zinakwenda.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni vijana saba wa kijiji kimoja Kaunti ya Kilifi, wachoraji na wapiga picha. Tunataka kufanya maonyesho ya siku mbili kuhusu ardhi. Kijiji kizima tunaitwa maskwota kwenye mashamba walimozikwa babu zetu, na mwenye hati hatumjui hata sura. Tuna michoro kumi na minne na picha kama thelathini za nyumba zilizobomolewa. Wazee wanasema tutaleta vita. Chifu anasema hakifanyiki kitu bila ruhusa yake. Halafu kuna mwanasiasa anayetaka kiti mwaka 2027, amejitolea kulipia hema, spika na chakula, mradi bango lake liwe pale watu wanapoingilia. Tufanyeje watu wazungumze bila kupigana?
*Mchoraji, Kilifi*

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Kwanza nikwambie nimesimama wapi katika kadhia hii, usije ukalisikia kwa mwengine. Babu yangu mzaa baba alikuwa na shamba la minazi kaskazini mwa Mtwapa, na karatasi yake ilitoka zama za Mwingereza. Nimekulia Mji wa Kale, Mombasa, nikiletewa madafu na maembe kutoka "shamba". Sikuwahi kuuliza ni nani aliyepanda, nani aliyepalilia, nani aliyepanda juu kuangua. Kwa hiyo unaponiandikia kwamba mwenye hati hamumjui sura, mimi ni mjukuu wa mmoja wa hao msiowajua sura. Nakujibu nikiwa na uzito huo.

Hili mnalotaka kulichora lina mizizi mirefu. Mwambao, ule ukanda wa maili kumi kutoka baharini, ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar hata Mwingereza alipokuwa ndiye anayeutawala. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi: mwenye dai alete ushahidi, apewe karatasi. Waliojua njia ya ofisini walikwenda. Wamijikenda, waliokuwa wakiishi kwenye ardhi ya ukoo bila mtu mmoja kuiita yangu, wengi hawakupata kitu, na ardhi isiyokuwa na mwenye karatasi ikawa ya Ufalme wa Uingereza. Baada ya uhuru ikawa ya serikali, ikagawiwa, ikauzwa, ikagawiwa tena. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake Mei 2013, sura iliyozua mgogoro ndani ya tume yenyewe ilikuwa hiyo ya ardhi. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuitia sahihi kwa sababu aya zake zilibadilishwa. Ikiwa waliokula kiapo kutafuta ukweli waligombana juu ya aya chache, wazee wenu wana haki ya kuogopa. Usiwaone waoga.

Sasa nikusimulie jambo lililonifunza kazi hii. Kijiji sitakitaja.

Tulifika na michoro ishirini. Tulifunga kamba ya katani kutoka mwembe hadi mwembe, tukatundika kwa vibanio vya nguo, tukaandika maelezo marefu chini ya kila mchoro. Watu walikuja wengi. Walipita taratibu, wengine wakisikitika, wengine wakitikisa vichwa, wakaenda zao. Mchana ukapita, hakuna aliyesema neno. Mimi nikafurahi, nikadhani hiyo ndiyo amani. Jioni mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri pembeni akaniambia, "Mwalimu, nyinyi mmeshasema yote. Sisi tuseme nini?"

Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi tukaitandika chini turubai kubwa tuliyokuwa tukifunikia mizigo. Kwa chaki tukachora barabara, kisima, msikiti na kijito. Basi. Pengine pote tukapaacha patupu, tukaweka kopo la chaki na makaa. Wa kwanza kuja alikuwa mzee mmoja aliyevaa kikoi. Alizunguka turubai mara mbili, akavua viatu, akaomba chaki, akachora minazi mitatu. "Huu wa katikati," akasema, "chini yake ndipo kilipozikwa kitovu changu." Akaja mwengine akachora makaburi. Wanawake wakaja na njia zao, njia za kuni na maji, ambazo hakuna mwanamume aliyezikumbuka. Kufikia alasiri hapakuwa na mahali pa kuweka hata mguu, na hapo ndipo ubishi ulipoanza: kisima kilichimbwa na nani, mpaka ulikuwa kwenye mkorosho au kwenye jiwe, nyumba ya nani ilitangulia. Wakabishana wamepiga magoti juu ya turubai, vidole vimejaa makaa.

Kijana mmoja akasema kwa sauti kuu kwamba wenye shamba hawajawahi kuonekana pale, wanakula minazi wakiwa mjini. Moyo ulinipiga. Nilijua kwamba nikinyamaza nitakuwa nimewadanganya kila mtu aliyeshika chaki siku ile. Nikasema, babu yangu alikuwa na shamba kama hili, si mbali na hapa. Pakawa kimya. Kisha yule mzee wa kikoi akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Babu yako alipokuachieni shamba, alikwambieni minazi ni ya nani?" Maana wewe ni wa Pwani, unajua: kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mti ukawa wa yule aliyeupanda. Sikuwa na jibu. Nikakaa mkekani pamoja nao, tukazungumza mpaka Magharibi. Hakuna aliyepata hati jioni ile. Lakini niliondoka na majina kumi na moja, niliyoyaandika nyuma ya mchoro, ya watu waliopanda minazi, na niliporudi mjini nilimsomea baba yangu moja moja. Aliyajua mawili.

Kwa hiyo mwanangu, michoro yenu kumi na minne ni mingi. Tundikeni saba. Nafasi ya ile saba mingine waachieni watu waiandike wenyewe. Mkiwatandikia watu hukumu iliyokamilika, atakayekubali atapita na atakayekataa atatafuta jiwe. Mkiwatandikia nafasi tupu, wote wawili itawabidi wainame.

Baadaye nilijua kwamba wengine walishafika huko kabla yetu. Cape Town kulikuwa na mtaa ulioitwa District Six. Mwaka 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kuwa ni mtaa wa Wazungu peke yao, na miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, nyumba zikabomolewa. Mwaka 1994 waliokuwa wakaazi wake walifungua makumbusho ndani ya kanisa la zamani la Kimethodisti. Sakafuni walitandika ramani kubwa ya mtaa, na waliohamishwa wakaandika majina ya familia zao mahali nyumba zilipokuwa. Wakatundika vibao vya majina ya barabara vilivyookolewa wakati wa kubomoa. Wakatandaza vitambaa ili wageni waandike majina na kumbukumbu zao, yakadariziwa kwa uzi yasifutike. Ramani ile haikuwa pambo. Watu wale walikuwa wakidai kurudishiwa ardhi, na mtu aliyeinama kuonyesha mlango wa nyumba ya mama yake alikuwa akitoa ushahidi mbele ya majirani wanaoweza kumsahihisha.

Hapa kwetu mfano mkubwa ni maonyesho yaliyoitwa Picha Mtaani. Baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, zilizoua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza mamia ya maelfu makwao, mwaka 2008 wasanii wa GoDown, kituo cha sanaa jijini Nairobi, walionyesha picha za yaliyotokea. Mwaka uliofuata Boniface Mwangi, aliyekuwa amezipiga picha za ghasia zile akiwa mwandishi wa picha gazetini, akazitoa nje kabisa: maonyesho ya barabarani, mji baada ya mji, mahali ambapo muuza nguo, dereva wa matatu na hata aliyeshika panga siku ile wangeweza kusimama bega kwa bega mbele ya picha moja. Hilo la mahali ni kubwa. Jumba la sanaa lina mlango, na mtu asiyezoea milango ile haingii hata kama ni bure. Chini ya mwembe hakuna mlango.

Mwaka 2012 Mwangi na wachoraji wa kuta walichora Nairobi, katikati ya jiji, mwanasiasa mwenye kichwa cha tai ameketi kitini akiwacheka wapiga kura wake. Kazi ile naiheshimu. Ilisema kwa ukubwa yale ambayo watu walikuwa wakiyanong'ona ndani ya matatu. Lakini ule ulikuwa ukelele, na ukelele una siku yake. Nyinyi mmeniuliza kuhusu mazungumzo, nalo ni jambo jengine. Msichore tai. Kijijini kwenu tai ana watoto wanaosoma na wadogo zenu.

Nije kwenye yale yanayokusumbua.

Wazee wafuateni kabla ya kufunga kamba hata moja. Msiende kuomba baraka tu. Nendeni na michoro yenyewe, mkaitandaze barazani, mkae kimya. Waacheni waseme ule si hivi, huu uondoeni. Wakisema mmoja uondolewe, uondoeni, hata kama ndio mzuri kuliko yote. Na hivyo hivyo kwa kila mtu aliyemo katika zile picha thelathini: nendeni nyumba kwa nyumba, mwenye sura aione sura yake kwanza. Nitaeleza chini kwa nini nasisitiza hili.

Kuhusu chifu, mheshimuni lakini jueni haki yenu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa jina lake, na Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Kwa mkutano wa hadharani, Sheria ya Utulivu wa Umma inawataka mtoe taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Ni taarifa, si ombi. Iandikeni nakala mbili, moja igongwe muhuri mbaki nayo, na nakala mpelekeeni chifu kwa mkono, pamoja na mwaliko wa kuja kukaa mkekani. Kama uwanja ni wa kaunti, kibali cha kaunti nacho kitafuteni mapema. Na kama kuna kesi ya ardhi hiyo mahakamani, wakili wa kijiji aone kila kitu kabla hakijatundikwa. Hilo msilifanyie uvivu.

Lakini Kifungu hicho hicho cha 33 kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wala matamshi ya chuki, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inatoza faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote pamoja, kwa anayechochea chuki ya kikabila. Msiandike "watu wa bara" chini ya picha yoyote. Msiandike "Waarabu". Andikeni mwaka, andikeni mahali, andikeni kilichotokea: nyumba hii ilibomolewa mwezi huu, walikuwa wakikaa watu wanane. Kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, herufi kubwa, sentensi mbili. Bibi asiyejua kusoma awe na kijana wa kumsomea, na kijana yule afunzwe kusoma tu bila kuongeza lake.

Mwenye hati mualikeni. Najua hili litawaudhi wenzako. Mwandikieni kwa wakili wake, kwa kampuni yake, kwa yeyote anayepokea barua zake, mkimwambia kuna nafasi kwenye turubai ya yeye kuchora anachokikumbuka. Huenda asije. Wekeni mkeka wake hata hivyo, na kila mtu ajue ni wa nani. Mwaka ule mimi nilikuja kwa bahati, sikuitwa na mtu. Naamini mazungumzo yangekuwa marefu zaidi kama wangeniita kwa jina la babu yangu.

Na huyo mheshimiwa: pesa zake msizichukue. Mwambieni hivi, uso kwa uso na kwa upole: "Tunakushukuru. Siku ile hapatakuwa na bango la mtu, lakini mkeka upo, njoo ukae kama mwanakijiji." Bango la mwanasiasa likiwa pale watu wanapoingilia, nusu ya kijiji itarudi kabla ya kuona mchoro wa kwanza, na nusu itakayoingia itaingia kupiga makofi. Hamuhitaji hema, mna mwembe. Spika msizilete kabisa. Anayeshika maikrofoni huanza kuhutubia, na akihutubia mmoja, hamsini wananyamaza. Chakula, kila nyumba ilete sufuria yake. Na fanyeni haraka, kabla kampeni za Agosti 2027 hazijapamba moto, maana zikianza hata mchoro wa mbuzi utaulizwa ni wa chama gani.

Msiogope sauti zikipanda. Wekeni watu wawili wenye masikio, mama mmoja na mzee mmoja, wakae katikati ya turubai. Kazi yao ni moja: mtu akianza "nyinyi watu wa…", wamuulize, "Wewe mwenyewe ulikuwa wapi siku ile, uliona nini?" Nimeona swali hilo likimkalisha chini mtu aliyekuwa amesimama kwa hasira. Likishindwa, waiteni watu wakale, mrudi baada ya sala.

Turubai msiitupe. Ikunjeni, mkaiweke kwa mzee mtakayekubaliana, na pigeni picha kila pembe yake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo, natoka upande wa Malindi. Kwenye maonyesho yetu kuhusu ardhi nataka kuleta kigango cha ukoo wetu, ile nguzo ya mti iliyochongwa kwa ajili ya marehemu, kionekane, kiwe ushahidi kwamba tulikuwepo kabla ya hati zote. Vijana wenzangu wamefurahi, baba yangu mkubwa amenikasirikia mpaka hasemi nami. Nani ana haki?
*Mwanafunzi, Malindi*

JIBU: Baba yako mkubwa.

Kigango kinasimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na kikishasimamishwa hakisogezwi. Hicho ni mtu wa kwenu. Unajua jinsi vilivyoibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vikaishia kwenye majumba ya makumbusho na sebule za matajiri Marekani, vikiandikwa "sanaa ya Afrika". Jumba la makumbusho la Denver lilikubali makosa likarudisha 30. Na sehemu ya wizi ule iliwezekana kwa sababu kuna mtu wa nyumbani, mara nyingi kijana, aliyeonyesha njia. Usiwe wewe, hata kwa nia njema. Leo utakileta uwanjani, kesho picha yake itakuwa kwenye simu mia mbili, na mmoja wao atajua kilipo.

Ushahidi unaoutaka waweza kuupata bila kukigusa. Muombe baba yako mkubwa, ukishamtaka radhi, akae siku ya maonyesho kwenye kiti karibu na mahali patupu palipofagiliwa, na ukutani muandike tu: "Hapa pangekuwa na kitu ambacho hakiondolewi mahali pake. Muulize mzee." Halafu yeye aamue atasema nini na kwa nani. Ninakuhakikishia watu watasimama mbele ya mahali pale kuliko mbele ya michoro yote. Na mwenye kubisha kwamba mlikuwepo, yuko huru kuongozana na mzee mpaka kigango kilipo, mzee akikubali.

SWALI: Mwalimu, sikuandikii kukusifu. Ndugu yangu aliuawa Januari 2008 huko Bonde la Ufa, tukahamia huku Changamwe na mama. Miaka kadhaa baadaye nilishuka stendi katika mji mmoja, nina haraka, nina mtoto mgongoni, nikakutana na maonyesho ya picha za siku zile. Maiti, nyumba zinaungua, mtu ameinua panga. Hapakuwa na onyo. Nilikaa chini palepale na sikujua nilivyofika nyumbani. Nyinyi wenye sanaa mnasema mnaponya taifa. Mlimuuliza nani kabla ya kutufukulia?
*Dada wa marehemu, Changamwe*

JIBU: Dada yangu, pole. Poleni na mama.

Nimekaa na barua yako siku nyingi kwa sababu naamini picha zile zilipaswa kuonekana, na naamini pia kwamba ulidhulumiwa pale stendi, na sioni njia ya kuondoa moja ili nyingine ikae vizuri. Zilipaswa kuonekana kwa sababu wapo waliokuwa wameanza kusema hayakutokea, au yalitokea kwa upande mmoja tu, na wapo vijana waliolipwa pesa ndogo kufanya yale na walihitaji kuyaona mchana kweupe. Lakini wewe hukuhitaji kufundishwa. Ulikuwa unajua. Maonyesho yanayomfundisha aliyefanya kwa kumpiga aliyefanyiwa yamekosea mahali pa kusimama, na nakuomba radhi kama mmoja wa watu wa kazi hii, ingawa sikuwa pale.

Umeniuliza tulimuuliza nani. Nitakujibu kwa kosa langu mwenyewe. Kuna mwaka tulifanya maonyesho sokoni kuhusu ubomoaji wa nyumba. Nilikuwa na picha moja niliyoipenda mno: mwanamke amekaa juu ya mabati yake, leso imemteremka kichwani, analia. Niliipiga nikiwa mbali, sikumuuliza, sikujua hata jina lake. Tuliikuza ikawa na upana wa mlango. Siku ya pili mwanamke yule alikuja sokoni kununua samaki akajikuta. Alisimama kitambo. Kisha akaitoa mwenyewe kwenye kamba, kibanio kimoja kimoja, akaikunja mara nne, akaitia kikapuni chini ya samaki. Mimi nikamfuata nikiwa nababaika, ninaomba msamaha. Akaniambia, "Uliniona nalia ukaona picha. Hukuona kama nalia."

Sijatundika sura ya mtu tangu siku ile bila yeye kuiona na kukubali, na akibadilisha nia katikati ya maonyesho inashuka saa hiyo hiyo, hata pakibaki pengo. Picha za maiti siweki njiani. Zikilazimika kuwepo, zinakaa nyuma ya pazia la leso nene, mbele yake amekaa mtu mzima wa kumwambia kila anayekuja kuna nini ndani, na pana njia nyingine ya kupita kwa asiyetaka. Stendi sitaki tena, wala mlango wa hospitali, wala njia ya shule, kwa sababu mtu wa pale hakuja kuona. Ana basi la kuwahi. Na maonyesho yakiisha, picha inarudi kwa mwenye sura. Mwaka 2009 msanii mmoja wa Ufaransa, JR, alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za nyuso na macho ya wanawake wa pale pale, zikiwa zimechapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, kwa hiyo zilipokwisha kutazamwa zilibaki zikizuia mvua. Nikiiwaza kazi hiyo huwa naona kwamba mwenye picha alipata kitu kabla ya sisi watazamaji. Pale stendi wewe hukupewa kitu, ulichukuliwa tu.

Kuna jambo nataka kukuomba, na una haki ya kulikataa bila kunieleza sababu. Wanawake wachache hapa Mombasa, waliofiwa mwaka ule na wametoka makabila ambayo magazeti yaliyaandika kuwa ni maadui, wameniambia wamechoka kuwaona watu wao wakiwa chini barabarani. Wanataka ukuta mmoja wa picha za marehemu wakiwa hai: harusini, shuleni, na jezi ya mpira, na pikipiki mpya. Chini yake jina, na jambo moja alilolipenda. Hakutakuwa na kabila wala mahali alipofia. Watakaotaka kuuliza alikufaje watamkuta dada yake au mama yake amekaa pale, naye ataamua kama atasema.

Kama unayo picha ya ndugu yako, hata ndogo ya kitambulisho, usiitume. Nitakuja Changamwe niione kwenu, mama akiwepo, na nitaondoka bila hiyo kama hivyo ndivyo mtakavyotaka.